Bei ya Mtoto Aliyelala

Sehemu ya Saba

"Hodi wenyewe!"

Wiki iliyopita tulimwacha Rozina kidole kikiwa juu ya simu na sauti hiyo ikiwa mlangoni. Msiniulize kama aliwahi kukiondoa kidole. Kilikuwa kimeshabonyeza. Barua ilikuwa imeshafika London, na mwenye sauti, kati ya watu wote wa Rukwa ambao wangeweza kupiga hodi Studio Mwanga asubuhi ile ya Alhamisi, alikuwa mama yule yule aliyemo kwenye picha.

Kwa wewe uliyekuwa unasoma gazeti la jirani, na jirani akalifungia maandazi kabla hujaufikia ukurasa huu, nitakukumbusha upesi.

Mwaka 1978 Klementina wa Ilemba, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipanda mlima na mtoto mgonjwa mgongoni akimkimbiza hospitali Sumbawanga. Mtoto, jina lake Adriano, akafia njiani. Mumewe, Maximilian, alikuwa Zambia kwenye migodi ya shaba na hakuwahi kumtia machoni mwanawe huyo wa kwanza. Basi Klementina hakwenda hospitali tena. Aliingia studio ya Mzee Evaristi, baba yake Rozina, akakaa kwenye kigoda, akamlaza marehemu mapajani na kumvalisha kofia ya kufuma.

"Mpige kama amelala," alisema. "Baba yake amwone hata mara moja."

Alitaka picha moja tu. Kilichobaki alimwapisha mpiga picha akichome moto. Picha ikateremka Kasanga, ikavuka ziwa kwa boti ikamfikia Maximilian. Habari ya msiba mama huyo aliituma miezi miwili baadaye. Mpaka leo, ndugu zangu, Maximilian ni mzee wa miaka themanini, na anaamini kwa moyo wake wote kwamba picha iliyomo ndani ya kitabu chake cha sala ilipigwa mwanawe akiwa hai.

Kumbe Evaristi hakuchoma kila kitu. Nakala ya pili ilibaki ndani ya boksi la viatu. Mwaka 2003 alipitiwa na mtafiti wa Kizungu, akamuuzia boksi zima kwa baiskeli moja na redio. Na sasa nakala hiyo iko London, namba 214 kwenye orodha ya mnada, nayo imepewa jina: Mtoto Aliyelala.

Rozina ndiye aliyeigundua. Yeye hupiga paspoti saizi katika studio ile ile, na ana miaka sita akifuatilia mtandaoni bei za picha za baba yake. Tangu ya kwanza iuzwe pauni mia tatu, kila mnada ameuandika kwenye kauntabuku: makadirio, bei ya mwisho nyundo ilipogonga, na zile zilizokosa mnunuzi. Mzee mwenyewe amepooza upande mmoja. Kila Jumapili baada ya misa ya redioni humuuliza binti yake, "Nyundo imegonga ngapi?" kama wenzake wanavyouliza matokeo ya Yanga. Hela haimfikii hata senti. Linalomfikia ni jina, nalo linamtosha.

Ndani ya kauntabuku hiyo Rozina amejifunza kwamba picha ikikosa mnunuzi mnadani, wenye biashara husema imeungua. Hufichwa stoo miaka na miaka, hakuna anayetaka kuigusa. Hicho ndicho alichokitaka kwa namba 214. Iungue.

Ndipo alipowaza kama mtoto wa Ufipa. Nani mwenye akili zake timamu angetundika sebuleni kwake maiti ya mtoto wa watu? Akaandika kwa Kiingereza chake cha sekondari: Mimi ni binti wa mpiga picha. Mtoto huyo hajalala. Amekufa. Kwa heshima ya mama yake, naomba muitoe.

Hakutaja jina la mama. Hakutaja Ilemba. Alidhani ameshika mpini.

Sasa twende.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Una homa?"

"Baridi tu, mama. Juni hii imetushika."

"Kwa sisi tunaotoka bondeni ndiyo kabisa. Mzee wangu nimemwacha hapa hapa mjini, Chanji, kwa mjukuu wetu Herieth, kajikunyata jikoni hataki kutoka. Kesho tuna kliniki yake ya macho. Nikasema leo nimwone mgonjwa."

Kichwani alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge. Rozina hakuhitaji kufunuliwa. Kila Juni, ulezi mpya ukishapurwa, Mama Adriano hupanda mlima na kikapu kimoja cha Mzee Evaristi. Ndiyo, Mama Adriano. Amezaa sita baada ya yule, lakini mumewe alikataa aitwe kwa jina la mwingine. "Wa kwanza tulimwona," husema, "na picha yake ninayo."

Utotoni Rozina alidhani ulezi ule ni malipo ya deni la picha. Wiki tatu zilizopita, baba yake alipomweleza yote, ndipo alipoelewa. Ilikuwa shukrani kwa mdomo uliofungwa. Vikapu arobaini na saba.

"Yuko macho?" Klementina aliuliza, na bila kungoja jibu akapita nyuma ya pazia.

Zamani chumba kile kilikuwa cha giza, cha kusafishia picha. Sasa ndicho anacholala mzee. Alipomwona aliyeingia, Evaristi aligeukia ukutani.

"Ee, Mzee Evaristi! Unanipa mgongo?"

"Baridi, Mama Adriano."

"Nimekuletea ulezi. Wa mwaka huu umejaa, mvua haikutudhulumu."

"Rudi nao."

"Nirudi nao wapi? Nimeubeba kutoka Ilemba!"

"Nimesema rudi nao, mama. Sistahili."

Klementina alicheka. Alidhani ni maneno ya wagonjwa. Alivuta stuli, akaketi, akaanza kumsimulia mzee habari za mavuno, za ndama wa Mboje, jirani yao mfugaji, aliyeingia shambani mara tatu, za paroko mpya anayeimba kwa sauti ya puani. Mzee alikuwa anatazama ukuta, na chozi lilikuwa linamshuka mpaka sikioni.

Rozina alishindwa kusimama pale. Alirudi mbele, akakaa nyuma ya meza ya kioo na simu yake. Bado alikuwa na tumaini. Mnada ulikuwa saa kumi alasiri kwa saa zetu. Kulikuwa na muda wa kutosha kwa watu wastaarabu kuona aibu.

Saa sita kasorobo jibu likaingia.

"Mpendwa Bi Rozina," waliandika, "barua yako imetugusa sisi sote ofisini. Tunakushukuru kwa ushuhuda wa thamani kubwa. Tayari tumeuongeza kwenye maelezo ya picha."

Wameuongeza?

Alifungua ukurasa wa mnada haraka mpaka simu ikakwama. Akaifunga, akaifungua tena. Picha ilikuwa pale pale. Klementina wa ujanani, shingo imenyooka, macho yanatazama kamera. Kofia ya kufuma. Ila jina la picha lilikuwa limebadilika. Sasa iliitwa Mama na Mtoto Aliyekufa, na chini yake paliandikwa: Kwa mujibu wa Rozina, binti wa mpiga picha, mtoto alikuwa tayari amefariki.

Na makadirio?

Asubuhi yalikuwa pauni elfu nne mpaka elfu sita. Sasa yalisomeka elfu kumi na tano mpaka elfu ishirini.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, waliosema hayo walimwona Rozina. Alitaka kuizima bei kwa kifo cha mtoto. Kifo ndicho kilichokuwa bei yenyewe.

Aliandika barua ya pili. Naomba mfute nilichosema. Wakajibu kwamba ukweli ukishajulikana kwa wanunuzi haufutwi, ni sheria yao. Akaandika ya tatu. Naomba mwenye picha aiondoe mnadani, mama huyu ni mtu mzima na ana familia. Hii ilichukua nusu saa. Wakamjibu kwamba mwenye picha ameombwa na amekataa, na kwamba nyumba ya mnada inamheshimu sana mama huyo, popote alipo.

Popote alipo! Alikuwa hatua nane kutoka pale, nyuma ya pazia, anamlisha mzee uji.

Silaha moja ilibaki. Wanunuzi wanapenda kitu kisicho na pacha. Angewaandikia kwamba nakala nyingine ipo, halali, iliyosafishwa siku ile ile, bei ingeanguka na huenda picha ingeungua. Rozina alianza kuandika. Nakala nyingine ipo kwa... Akasimama hapo. Kwa nani? Wangemuuliza kwa nani. Na wiki mbili zisingepita kabla mtu na kamera yake hajasimama uwanjani kwa Maximilian, Ilemba, akimuuliza alijisikiaje kutembea na maiti ya mwanawe ndani ya kitabu cha sala.

Akafuta neno moja moja mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Saa tisa na nusu mlango ulisukumwa kwa kishindo.

"Dada! Wewe ni mchawi!"

Alikuwa Nestory, mdogo wake, dalali wa mahindi, koti lina vumbi la gunia mpaka kwenye kola. Huyu naye hufuatilia bei za picha za baba, lakini kwa imani tofauti. Anaamini siku moja Wazungu watakuja kwa gari kubwa kumuuliza boksi jingine liko wapi. Habari ya kiapo hajui. Rozina hakuwahi kumwambia, maana kumwambia Nestory ni sawa na kutangaza kanisani.

"Punguza sauti," Rozina alisema. "Baba ana mgeni."

"Nipunguze nini? Elfu ishirini! Na ni wewe! Jina lako liko pale, nimelisoma mwenyewe. Ulijuaje kwamba mtoto alikuwa amekufa?"

"Nestory. Sauti."

"Haya." Akashusha sauti kidogo sana. "Ila dada, akili nywele, na wewe una nywele nyingi. Ungekaa kimya ingeondoka kwa elfu tano. Washikaji hawaamini. Nimewawekea kwenye grupu."

Rozina aliinuka kutoka nyuma ya meza.

"Grupu gani?"

"La Wana-Sumbawanga. Watu mia tisa."

"Umeweka nini?"

"Si picha! Na maelezo yake. Nimewaambia hii ni kazi ya baba yangu."

"Futa."

"Nifute kwa nini?"

"Nestory, nakuomba kama ambavyo mama yetu angekuomba angekuwepo hapa. Futa sasa hivi."

Nestory alimtazama dada yake, akaona si utani. Akatoa simu, akabonyeza mara mbili, akakuna kichwa.

"Nimefuta. Ila kuna watu wameshaisambaza. Kirando huko wameiona, Namanyere wameiona. Kuna mtu ananiuliza huyu mama ni wa wapi." Akasita. "Kwani ni nani, dada?"

Kutoka nyuma ya pazia Klementina alikuwa anacheka jambo fulani la redioni, sauti imewekwa juu, kicheko cha mtu aliyeshiba na hana wasiwasi.

"Kaa chini," Rozina alimwambia Nestory. "Usiseme neno."

Saa kumi ilifika. Simu ya Rozina iliegemezwa kwenye kopo la kalamu. Bando lilikuwepo, umeme ulikuwepo, mtandao haukukatika hata sekunde moja. Siku ambayo ungeomba kila kitu kikatike, kila kitu hufanya kazi.

Dalali wa London alikuwa mwanamke mwenye miwani ya mnyororo. Picha zilipita upesi. Namba 212, ikauzwa. Namba 213, ikakosa mnunuzi, akaisogeza pembeni bila hata kuitazama. Rozina akaliandika hilo kwenye kauntabuku kwa mazoea.

Kisha ukuta mzima wa ukumbi ule ukajaa uso wa Klementina.

"Tunaanza na elfu kumi," alisema yule mwanamke.

Kimya.

"Elfu kumi?"

Hakuna mkono ulioinuka. Akashuka. Elfu nane. Kimya. Rozina alishika ukingo wa meza. Ukimya wa namna hiyo aliujua, alikuwa nao ndani ya kauntabuku mara kumi na moja. Ndiyo ukimya unaounguza picha.

"Elfu sita?"

Wakatazamana pale ukumbini. Mtu mmoja akashika kidevu. Rozina alianza Salamu Maria kwa sauti ya chini. Maria mama wa Mungu, wamechukizwa. Wana aibu kumbe. Ni watu.

"Elfu sita, mara ya mwisho..."

Kijana mmoja aliyeshika simu ya mezani, akimsikiliza mnunuzi aliye mbali, aliinua kalamu.

"Elfu sita, kwa simu. Ahsante."

Basi likawa kama geti la zizi limefunguliwa. Saba. Tisa. Kumi na mbili. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, mstari wa mbele, akawa anatikisa kichwa kukubali tu na kila akitikisa elfu mbili zinaongezeka. Ishirini. Ishirini na nne. Kwa simu, thelathini. Bibi akatikisa. Nestory alikuwa ameng'ata kola ya koti ili asipige kelele.

Rozina aliacha kuandika.

Hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Hapakuwa na mtu wa kupigia. Alikuwa amekaa Sumbawanga anatazama wageni wakimgombea mtoto wa Ilemba, na yeye ndiye aliyewaambia wamgombee. Alitamani kulia na hata hilo likagoma.

"Thelathini na nane elfu."

Bibi akatazama chini.

Nyundo ikagonga.

"Milioni mia na thelathini na kitu!" Nestory alisharuka, stuli imeanguka nyuma yake. "Baba! Baba lazima asikie!"

"Nestory, usi..."

Nani wa kumshika? Alikuwa ameshachukua simu kwenye kopo, ameshalisukuma pazia.

"Baba! Nyundo imegonga thelathini na nane elfu! Pauni! Hakuna picha ya Rukwa iliyowahi kufika huko! Shikamoo mama, samahani, sikujua uko, hebu na wewe ona, ona kazi ya baba yetu!"

Akamwekea simu usoni.

Rozina alifika pazia likiwa bado linayumba. Alikuta Klementina ameshika bakuli la uji kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Alikuwa ameisogeza mbali kidogo, kama wanavyofanya watu wa umri wake. Aliitazama muda mrefu. Nestory alianza kutabasamu, akamtazama mama, akatazama simu, akamtazama mama tena. Tabasamu likamfia mdomoni.

Klementina alimrudishia simu. Aliliweka bakuli sakafuni, taratibu, asimwage.

"Evaristi," alisema. Hakumwita mzee. "Uliniambia umechoma."

"Nilichoma negativu, filamu yenyewe," mzee alisema akiutazama ukuta. "Kwa mkono huu. Nilichoma siku ile ile."

"Na picha?"

"Picha nilishindwa."

"Ulishindwa nini? Kiberiti kililowa?"

Mzee aligeuka. Ilimchukua muda, kwa maana upande mmoja haumtii. Alipomaliza kugeuka alikuwa anahema.

"Ilikuwa nzuri, Mama Adriano. Nimepiga picha miaka hamsini, sikuwahi kupiga nyingine kama hiyo. Nilikuwa naifungua mara moja kwa mwaka, naitazama, naifunga. Halafu nikazeeka, nikasahau imo kwenye boksi gani. Lakini sitakudanganya. Nilishindwa kwa sababu ilikuwa nzuri mno."

Kikapu cha ulezi kilikuwa pale chini, katikati yao, kitenge hakijafunuliwa.

"Nimekuletea ulezi miaka arobaini na saba," Klementina alisema.

"Nimeula," mzee alisema. "Wote nimeula."

Klementina aligeuka kwa Rozina. Macho yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilimtisha Rozina kuliko kilio.

"Wameandika nini chini yake, mwanangu? Kile Kizungu."

"Mama..."

"Wameandika amelala?"

Rozina alitikisa kichwa kwamba sivyo. Hakuweza kusema kwamba waliandika hivyo mpaka asubuhi ya leo.

"Na nani ameiona?"

Nestory alitazama viatu vyake. "Watu... wengi kidogo, mama."

Klementina alifikiri. Mtu angeziona hesabu zikimpita usoni.

"Mzee wangu hana simu," alisema hatimaye. "Macho yenyewe hayaoni herufi. Yuko Chanji jikoni anaota moto. Kesho asubuhi kliniki, keshokutwa alfajiri tunapanda gari la Ilemba. Kule mtandao hushika kwa shida. Rozina, mwanangu, siku mbili tu. Nikimvusha siku mbili, nitakuwa nimemvusha."

"Utamvusha, mama," Rozina alisema, na kwa dakika moja aliamini. Alimfunga vizuri kitenge mabegani. Alimwambia Nestory atafute bajaji, ampeleke mama mpaka mlangoni, na asitie neno njiani hata akiulizwa jina lake. Nestory alikuwa na haraka ya kutii kama mtoto aliyevunja chungu.

Rozina alivuta pazia ili watoke.

Na palepale, kwenye mwanga wa jioni mlangoni, alisimama mzee mrefu amejifunga shuka ya baridi, mkono mmoja umeshikwa na binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa analia.

"Hodi," alisema Maximilian.

Rozina aliliachia pazia lijifunge nyuma yake. Klementina na Nestory wakabaki ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Rozina wa Evaristi?"

"Ndimi, baba."

"Mke wangu alisema atapita huku. Ameshaondoka?"

Mzee hakungoja jibu. Alikuja mpaka kwenye meza ya kioo akipapasa. Alitoa kitabu cha sala ndani ya koti, akakifungua bila kutafuta ukurasa, maana kilijifungua chenyewe. Akatoa picha. Pembe zilikuwa zimeliwa, katikati pana mkunjo mweupe. Aliilaza juu ya kioo kwa viganja viwili.

"Herieth amenionyesha kwenye simu yake," alisema. "Nikamwambia hiyo mbona ninayo? Huyu ni bibi yako, na huyu ni Adriano wangu. Nilifurahi, mwanangu. Nikasema kumbe na Wazungu wamemwona. Nikamwambia anisomee walichoandika."

Herieth alificha uso kwenye mtandio.

"Amesoma. Nikamwambia amesoma vibaya, Kiingereza cha shule za siku hizi ni kibovu. Akasoma tena. Nikamkasirikia, naye analia tangu huko Chanji, na mimi sipendi kumliza mtoto wa watu. Basi nikamwambia azikuze hizo herufi mpaka na mimi nizione." Akaweka kidole kwenye picha, juu ya ile kofia ya kufuma. "Kiingereza sijui. Ila majina naweza kusoma. Nimeliona moja. Rozina."

"Baba, kaa kwanza..."

"Nimeshakaa sana. Niambie wewe. Miaka yote hii kila usiku namwambia, Adriano, lala salama." Sauti haikutetemeka. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia. "Hapa alikuwa amelala. Sivyo?"

Pazia lilisogea. Klementina alitoka. Rozina alimtazama amwonyeshe, kwa jicho au kwa mkono, aseme nini. Aseme ndiyo? Aseme Wazungu wamekosea? Angesema lolote, angeapa kwa msalaba.

Klementina hakumwonyesha chochote. Alipita nyuma ya mumewe polepole mpaka kwenye kigoda cha wateja, kile kile cha mwaka sabini na nane, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Sema, mwanangu," alisema Maximilian. "Si wewe ndiye umeandika?"